Simu Niliyompigia Mkuu wa Shule Yako

Anaeli mwanangu,

Nimeharibu jambo, na nalisema hapa juu kabisa kabla hujatafuta kiti cha kukalia. Jumatano nilimpigia simu mkuu wa shule unakokwenda. Nilimwambia una kigugumizi. Nilimwomba asikupe kazi ya kusema mbele ya watu mpaka utakapozoea. Naye, kwa wema wake, amekutoa kwenye saa ya kusoma na kwenye vishikwambi, amekuweka stoo ya vitabu. Ratiba ameshaibandika ukutani. Wewe hujui lolote, na kesho alfajiri unapanda basi la Mpanda ukiwa na furaha ya kazi ambayo baba yako ameshakupokonya.

Hayo ndiyo yenyewe. Sasa kaa.

Naandika nikiwa maktaba ya shule yetu, kwenye ile meza yangu ya kujalidia vitabu, kwa sababu nyumbani mama yako ananitazama kwa jicho ambalo mtu hawezi kuandika mbele yake. Wewe umepanda Nkoaranga kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hakuachii mpaka umalize bakuli la loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, na uongezwe jingine. Wanafunzi wako uwanjani, nasikia kelele zao. Jua bado lipo. Nina muda wa kutosha kukueleza vizuri, na sina kisingizio cha kutokueleza.

Habari za neti, soksi nzito na vyakula vya stendi siziandiki. Mama yako ameshazisema mpaka paka wa jirani anaweza kuzikariri. Mimi nina la kwangu, na linanisumbua tangu juzi hata chai hainipiti vizuri. Naogopa, Anaeli. Umbali si kitu, basi litafika. Naogopa kwamba Jumatatu asubuhi utaingia shuleni kwa watu, utaona jina lako limeandikwa stoo, utafikiri ndivyo walivyokupima, na utanyamaza. Na aliyekufikisha hapo ni mimi.

Nataka ujue jambo hili halikuanza Jumatano.

Ulipokuwa mdogo tulikuwa tunakaa Ngarenaro, chumba kimoja nyuma ya karakana niliyokuwa najalidi vitabu. Upande mmoja kulikuwa na fundi wa kuchomelea, upande wa pili fundi cherehani, kutwa nzima ni makelele. Ndani ya makelele hayo wewe ulianza kukwama. Neno dogo tu, sukari, ulikuwa unakaza shingo na kufumba macho mpaka litoke. Mimi nilikuwa mtu wa kusubiri gundi ikauke toka asubuhi mpaka jioni bila kulalamika, lakini wewe sikuweza kukusubiri. Ulikuwa ukifika kwenye "su" nimeshakupa kijiko na kopo.

Nikaanza kukutuma dukani na karatasi. Nilikuandikia kila kitu kwa mwandiko mzuri, sukari nusu, chumvi pakiti moja, kiberiti, wewe unampa mwenye duka, anakupa vitu, unarudi. Nilijiona baba mwenye akili. Siku moja mvua ikakunyeshea njiani, wino ukatoka, karatasi ikawa uji mkononi mwako. Ulirudi umelowa na mikono mitupu. Mama yako akakuuliza kwa nini hukusema tu unachotaka. Ukasema mwenye duka aliuliza mara moja, kisha akahudumia watu waliokuwa nyuma yako, mpaka ukaamua kurudi.

Baba mwingine angekushika mkono mkarudi wote dukani, akasimama kando mpaka useme sukari. Mimi unajua nilifanya nini? Safari iliyofuata niliifunga ile karatasi kwenye nailoni.

Hili la pili hulijui, na ni zito zaidi. Mwaka wa kipaimara ulikariri amri zote na maana zake. Ulikuwa unajifunza kwenye shamba la kahawa, nyuma ya nyumba, maana tulishahamia huku Tengeru, na mimi nilikuwa nakusikia ukirudia sentensi moja mpaka inanyooka. Wiki ya mwisho nikaingiwa na woga. Nikamwona mchungaji ofisini kwake, nikamwomba asikuulize swali mbele ya usharika, nikasema utaaibika. Akakubali. Siku ya siku ulisimama na gauni lako jeupe, akamuuliza wa kushoto kwako, akamuuliza wa kulia kwako, wewe akakupita.

Wageni walikula pilau wakaondoka. Nilikukuta nyuma ya jiko. Ukaniuliza, kwa shida kuliko siku zote, kama najua kwa nini umerukwa. Nikasema labda mchungaji alisahau.

Hakusahau. Nisamehe ukiweza, lakini usiharakishe, maana nina mengine.

Ulipomaliza chuo cha ukutubi ukaja kujitolea hapa kwetu nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia kila mtu binti yangu sasa ni mkutubi mwenye cheti, si kama mimi niliyeingia maktaba kwa kujua gundi na uzi. Nikakuonyesha rafu, nikakuonyesha kabati la vishikwambi, na Ijumaa ya kwanza nikakuketisha kwenye kikao chetu. Utaratibu wake unaujua, lakini nauandika hapa kwa sababu huenda kule ukataka kuuanzisha, na mtu akiuliza umetoka wapi, umwambie umetoka kwa Madam Foibe wa shule moja karibu na Tengeru.

Ijumaa mchana sisi watu wa maktaba tunafunga mlango, tunachemsha chai, na kila mmoja analeta vitu vitatu: kitabu alichosoma, jambo alilojifunza kwenye mashine, na habari ya nyumbani. Madam Foibe huleta riwaya nene na visa vya mkwe wake wa Machame. Mwalimu Lomayani wa kompyuta huleta vitabu vya mifugo, na habari yake ya nyumbani ni ng'ombe tu, na sasa ameshawapanga wote kwenye jedwali la kompyuta kwa majina na tarehe za chanjo. Mimi ndiye niliyetangaza kwa fahari kwamba nimejifunza kutuma sauti kwa WhatsApp, wiki moja baada ya kuituma kwa bahati mbaya kwenye kundi la kwaya nikilalamikia kwaya. Na kuna sheria moja tu. Anayezungumza anashika kitabu chake kikiwa wazi. Mpaka akifunge, hakuna mtu kumdakia, hata anyamaze vipi. Foibe aliiweka kwa sababu ya Lomayani, ambaye huanza habari, akatafakari ng'ombe, akarudi.

Mwezi wa pili wa kujitolea kwako ulifika kwenye habari ya nyumbani. Kitabu kilikuwa wazi mkononi. "Nyumbani," ukasema, "ni... nime..." Shingo ikakaza. Lomayani alikuwa anakoroga chai taratibu, Foibe anatazama dirishani, hakuna aliyekuwa na shida. Mwenye shida nilikuwa mimi. Nikadakia: "Amemaliza kupalilia kahawa yote peke yake!"

Lomayani akapiga makofi. Ukatabasamu, ukafunga kitabu.

"Baba Anaeli," Foibe akaniambia, "una basi la kuwahi?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Wiki chache baadaye barua ya kazi ikaja kwenye simu yako, ukamwonyesha mama yako kwanza. Nilipofoka kwa nini unaomba kazi ya mbali hivyo bila kuniambia, ulinijibu polepole, na sikukudakia kwa sababu nilikuwa nimekasirika: "Nilianza kukuambia, baba. Ukamalizia kahawa."

Nilikwenda kukaa nje. Habari kubwa kuliko zote ulizowahi kuleta mbele yangu, na mimi nikaifunika kwa jembe.

Ungetegemea nijifunze hapo. Hata mimi nilitegemea. Na kuna siku nilikaribia kabisa. Ulikuwa na kidato cha kwanza, siku ile umewasha projekta na kuandika maelekezo ya vishikwambi ukutani kwa herufi kubwa. Nilijificha nyuma ya rafu ya jiografia, usicheke, nilijifanya nabandika namba. Ukawaambia msome wote kwa pamoja, na wewe ukasoma nao, na sauti yako ikaenda nao bila kukwama hata mahali pamoja. Sikuwa nimewahi kujua kwamba ukisoma na wengine hukwami. Miaka yote hiyo sikuwahi kusoma na wewe kwa pamoja. Nilikuwa nakusomea.

Kisha ukaanza kueleza peke yako, ukakwama kwenye "bonyeza". Nikashika rafu. Watoto wamekaa, vidole vimeinuliwa juu ya vioo, wanasubiri kama mtu anayesubiri maji yajae kwenye ndoo. Neno likatoka, vidole vikashuka, ukaendelea.

Walipotoka nilimvizia yule msichana mrefu anayekaa mbele. Nikamuuliza, "Mnamwelewa huyu madam?"

"Tunamwelewa, sir."

"Hata akikwama?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la ajabu. "Sir Lomayani anakwenda mbio, ukiinama kutafuta pa kubonyeza yeye ameshafika mbali. Madam akikwama, na sisi tunamfikia."

Maneno hayo niliyachukua nikarudi nayo nyumbani, nikalala nayo. Hata hivyo nilipiga simu. Sikupiga kwa sababu sijui uwezo wako. Nilikuwa naujua, nimeuona kwa macho yangu, nimeambiwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Woga haukunisikiliza.

Ilikuwa siku ya soko. Tulishuka wote Tengeru kutafuta begi. Ulimuuliza yule kijana muuza mabegi kama zipu ni ya chuma, ukakwama kwenye "zipu", naye akakuigiza. Akakuigiza kwa sauti, na wenzake waliotandaza viatu wakacheka. Wewe ulivuta zipu ile mara mbili tatu, ukaikagua, ukalichukua begi. Tulipofika kwenye nyanya ukaniambia niachane naye, begi ni zuri.

Wewe ulishaachana naye, mimi sikuweza. Nilikusindikiza mpaka kwa mama yako, nikasema nimesahau kitu shuleni, nikaja hapa. Njia nzima nilikuwa nakuona uko Mpanda, umesimama mbele ya darasa la watu wasiokujua, kijana mmoja nyuma anakuigiza, na mimi niko huku nabandika lebo. Nikatoa barua yako ya kuripoti, nakala niliyoomba nikasema ni ya kumbukumbu, nikapiga.

"Shikamoo mzee," akasema nilipojitambulisha. Sauti ya mtu mwenye kazi nyingi lakini mwenye adabu.

"Marahaba, mkuu. Mimi ni baba yake Anaeli, mkutubi wenu mpya."

"Ooh, karibu sana mzee wangu! Tunamsubiri kwa hamu. Tumeshampangia saa ya kusoma, kidato cha kwanza na cha pili, halafu vishikwambi. Vimekaa tu kabatini, hakuna wa kuwafundisha watoto."

Pale ndipo nilipopaswa kusema asante, tunashukuru, siku njema. Kila kitu ulichokuwa unakitaka kilikuwa kimeshaandaliwa na mtu ambaye hata hajakuona.

"Mkuu, kuna jambo dogo," nikasema. "Binti yangu ana kigugumizi. Naomba asipewe kazi ya kusema sana mbele za watu mpaka azoee."

"Alaa. Hilo halikuwepo kwenye maombi."

"Si ugonjwa, mkuu, ni..."

"Nimekuelewa mzee, umefanya vizuri sana kutuambia mapema. Tuna stoo ina maboksi mengi ya vitabu hayajafunguliwa hata moja. Atafanya kazi humo kwa amani. Saa ya kusoma nitampa mwalimu wa Kiswahili. Usiwe na wasiwasi kabisa, tutamtunza."

Nilitaka kusema sikumaanisha hivyo. Lakini alishaniaga, kulikuwa na kengele nyuma yake. Hilo la kukutunza ndilo nililokuwa nalitafuta, na nilipolipata nilijisikia vibaya papo hapo, simu bado iko sikioni.

Nilimwambia mama yako jioni hiyo. Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Umemsemea tena," akasema.

Nikaanza kueleza habari ya muuza mabegi. Akanikata. "Na safari hii utamwambia mwenyewe. Mimi simo." Akaendelea kumenya, na hajazungumza nami jambo la maana mpaka sasa, zaidi ya kuuliza kama nimeshakuambia.

Jana nikampigia mkuu tena. Ndiyo, tena, usishike kichwa. Nilimwambia nimekosea, wewe unaweza kabisa, nikamweleza na habari za projekta na yule msichana mrefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kitu ambacho nastahili.

"Mzee, jana umenieleza hivi, leo unanieleza vile. Mimi nimfuate baba yupi? Ratiba imeshabandikwa, walimu wameiona. Binti yako ni mtu mzima. Akifika akaona haimfai, aje ofisini aniambie mwenyewe. Nikimsikia nitajua."

Kwa hiyo hapo ndipo tulipofika. Asubuhi ya kwanza kabisa, mahali usipomjua mtu, unatakiwa ugonge mlango wa mkuu na ueleze kwa mdomo wako kwamba kazi yako si ya stoo. Ungeingia kama wafanyakazi wengine wote, uonyeshwe kiti chako na darasa lako. Sasa unaingia kujitetea, kwa kosa ambalo hukulifanya.

Usimchukie yule mkuu. Hakukusema vibaya hata kidogo. Alimwamini baba mtu, na nani asingemwamini?

Leo mchana ulipokuwa unatuaga kwenye kikao ulishangaa nilipotoka. Nilisema nakwenda kuangalia maji ya chai. Maji yalikuwa yamechemka zamani. Nilisimama barazani chini ya dirisha kwa sababu sikujiamini, na nikasikia kila kitu. Nilisikia ukiwaambia habari ya saa ya kusoma. Ukasema utaanza na vitabu vyembamba ili hata wasiojua kusoma vizuri wamalize kimoja ndani ya wiki, kisha mtasoma kwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Ukakwama, ukakaa kimya kirefu, nikauma kidole, na ndani hakuna aliyesema neno. Ukatoka kwenye ukimya huo mwenyewe, ukaendelea. Ukakwama tena. Ukaendelea. Foibe akakuuliza swali tu baada ya wewe kufunga kitabu, nilisikia jalada likipiga.

Ilinifurahisha na ikaniumiza kwa wakati mmoja. Nilifurahi kwa sababu habari ulikuwa nayo yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na haikupungua kitu kwa kukosa msaada wangu. Niliumia kwa sababu ulikuwa unasimulia saa ya kusoma ambayo mimi nilishaiondoa ukutani. Lomayani alipotoka akaniona na macho mekundu akadhani ni habari ya kuondoka kwako, akanipiga bega akasema, "Mzee wangu, atarudi likizo." Nikamwacha aamini hivyo.

Sasa nikuambie kinachonitisha zaidi ya kucheka kwa watu. Ile stoo ni nzuri. Najua bila kuiona. Maboksi mapya, harufu ya karatasi, mlango unafungika, hakuna mtu wa kukuuliza kitu. Mimi mwenyewe niliipenda karakana kwa sababu hiyo. Watu wanadhani nilikuwa naipenda kazi. Kazi niliipenda, ndiyo, lakini nilipenda zaidi kwamba vitabu havinitaki nizungumze, na kwa miaka mingi nilijiita mpole kumbe ni mtu aliyekuwa anakwepa. Huko kukwepa ndiko nilikokurithisha, nikikuambia ni ulinzi. Utaingia kwenye stoo ile, utapumua, na utajiambia wiki moja tu, nizoee kwanza. Maneno hayo, mpaka nizoee, niliyasema mimi kwenye simu. Naomba usiyachukue.

Lakini pia sitaki ugonge mlango ule kwa ajili ya kunifuta machozi. Ukifika ukaona kwa akili yako kwamba stoo ndiyo unayoitaka, ni sawa, kaa stoo, mradi umeichagua wewe. Unaona ninavyohangaika? Hata hapa nataka kukuamulia.

Nilianza kukuandikia maneno ya kumwambia mkuu. Nilikuwa nimefika mbali, nimeanza na salamu na shukrani na aya nzuri kuhusu vyeti vyako. Karatasi nimeichana. Nikachukua simu nimpigie mara ya tatu, nimwombe tu awe na subira ukianza kuzungumza, asiangalie saa. Hiyo nayo nimeiacha, ingawa haikuwa rahisi, kidole kilikuwa juu ya jina lake. Namba yake iko kwenye barua yako ya kuripoti. Kwenye simu yangu nimeifuta, na ile nakala nimeichana pamoja na maneno yale. Sitaweza kumpigia hata nikitaka, na nitataka, nakujulisha mapema. Nitataka kila asubuhi.

Na kesho stendi, kondakta akikuuliza unashuka wapi, mimi nitakuwa nimeshika begi tu. Neno Mpanda linakusumbua, najua. Litakapokuwa linatafuta njia mimi nitatazama matairi. Hata abiria waliosimama nyuma yetu wakianza kuguna, na wataguna, watu wa asubuhi hawana subira. Ukiniona midomo inacheza, ujue nasali.

Nilifikiria pia kuitumbukiza barua hii ndani ya begi, uikute umeshapita Singida, mahali ambapo huwezi kunijibu. Mama yako alitambua wazo hilo usoni mwangu kabla sijalisema. Kwa hiyo nitakupa leo, ukiingia tu kutoka kwa bibi, kabla ya chakula. Isome chumbani. Usinionee huruma na usikimbilie kusema hamna shida, baba, maana shida ipo na unaijua.

Ukimaliza, njoo sebuleni. Nitakuwa nimekaa pale, televisheni imezimwa. Una maneno ya miaka mingi ya kuniambia, na mengine ni makali, na huenda ukakwama kwenye la kwanza kabisa. Anza nalo hilo hilo. Sina pa kuwahi, na sitakumalizia.

Ni mimi, baba yako, ninayekusubiri.